Wameniita Mjapani Barazani Kwangu

Jumamosi. Joto la Ipuli leo linakausha mate mdomoni, na mimi nimenuna tangu saa kumi jioni.

Wameniita Mjapani. Barazani kwangu, juu ya mkeka wangu, huku wanakunywa chai yangu.

Anayesoma hapa ajue kwanza: niliishia darasa la nne, lakini hilo darasa la nne nililisoma kwelikweli. Kila Jumamosi mwanangu Maganga, anayefanya kazi Isikizya, ananiletea gazeti, na majirani wanakuja niwasomee. Mama Shija hajui kusoma. Bi Kalunde anajua, ila miwani yake ilikanyagwa na mbuzi. Basi msomaji ni mimi. Naanza na vifo, halafu siasa, halafu mpira, namalizia na hadithi ya Rosa inayotoka kila wiki.

Na sisomi kila kitu. Timu yangu ikifungwa, nakohoa, nafunua ukurasa mwingine. Rosa alipoanza kumkodolea macho dereva wa lori, nilikohoa sana, nikampeleka utawani. Upuuzi sisomi kwa sauti yangu.

Sasa leo mjukuu wangu Nyamizi, anayesoma historia chuoni, kaja likizo na mambo yake ya Wakorea. Wakorea ninaowajua mimi ni wale wa kwenye tamthilia, wanaolia wakiwa wamevaa vizuri. Kumbe nao walitawaliwa, tena na Wajapani. Anasema wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mmoja alishika gazeti akasoma kwa sauti, wenzake wamemzunguka. Nikafurahi. Nikawaambia, mnaona, hata huko walikuwepo akina mimi.

Ningemnyamazisha hapo hapo.

Akaendelea kwamba habari asiyoitaka Mjapani ilifutwa, gazeti likatoka na doa jeusi mahali pa maneno, watu wakabaki kukisia.

Bi Kalunde, ambaye jana kapata miwani mpya, akavuta gazeti la wiki iliyopita nililofunikia maandazi. Akasoma kidogo.

"Rosa yuko Mwanza na dereva. Wamefungua duka la vitenge."

"Si yuko kwa masista?" Mama Shija akauliza. "Mimi nimemwombea misa nzima." Kisha akanigeukia taratibu. "Na asali ninayokuletea ya kikohozi, Mama Maganga?"

Nikasema asali ni nzuri kwa mtu yeyote.

"Mjapani wetu huyu hapa," akasema Kalunde. Walicheka mpaka chai ikamwagika mkekani. Nyamizi naye alicheka, mtoto niliyembeba mgongoni.

Gazeti la leo akapewa Kalunde. Anasoma kama mtu anayechambua mchele. Jua linazama, yuko bado kwenye vifo, marehemu wa pili.

Nilikaa kwangu kama mgeni. Nisijidanganye, kilichoniuma si kucheka kwao. Ukiondoa hilo gazeti, sijui ni nini kingine kinachowafanya watu wakae wanitazame mdomoni, wakinisubiri.

Giza lilipoingia, wote wameshaondoka, Mama Shija akarudi, eti kasahau kanga. Kanga amejifunga.

"Kesho baada ya misa usome wewe," akasema. "Kwa mwendo wa Kalunde, Rosa atazeeka hatujamfikia. Ila usome yote, Mama Maganga. Yote."

Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshakubali hajamaliza kusema.

Gazeti wameliacha, nimelipitia peke yangu. Timu yangu imefungwa tena. Hiyo nitaisoma kwa kinywa changu, ndiyo adhabu yangu. Duka la vitenge nalo nitalisoma, na faida yake. Ila pale chini kuna aya moja, dereva kafunga duka mapema, anazima taa, na Rosa hamwambii kitu.

Hiyo sijui.

Asali imebaki robo chupa. Nikikohoa, nimekohoa.