Boksi la Twiga Mwenye Miwani

4 Machi

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Barua hii usiisome umesimama, utaanguka bure. Baba yako amepata! Wenzangu wanakuja ng'ambo wanasugua vyoo, wanabeba magunia mpaka migongo inapinda, mimi nimepewa kazi ya kula. Kula, mwanangu! Kiwanda chetu kinatengeneza chakula cha watoto cha kwenye maboksi, kile unachopasha moto tu na kumwekea mtoto mbele, na mimi ndiye mwonjaji mkuu. Tunakaa kwenye meza ya kitambaa cheupe, watu wa mataifa yote, na meneja ananiletea kijiko kwa mkono wake: "Mzee, unasemaje?" Nikiinua dole gumba, mkanda unatembea. Nikikunja uso, kiwanda kizima kinasimama. Mimi niliyeishia darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe nililisomea dirishani!

Haya, salamu sasa. Hujambo? Na mjukuu wangu, Bosi, hajambo? Bado anaitoa nyumba nzima jasho kwa amri zake kama alivyozaliwa? Mimi mzima kabisa, nimenenepa, mashavu yananing'inia kama mifuko ya koti kuukuu. Baridi ya huku ni kali, lakini tumeshazoeana. Upweke siujui. Wenzangu wa mezani hawaniachii nafasi ya kupumua, kila Jumapili chumba changu ni kelele na vicheko tu.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Wasioniulizia wasalimie pia, wapate wivu.

Baba yako,
Mwonjaji Mkuu


2 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwenye foleni ya maji, nikacheka peke yangu mpaka watu wakaanza kujitenga nami. Hongera, Baba. Tangu uondoke sijacheka hivyo.

Sisi wazima, ila ni uzima wa kusukumasukuma. Bosi amekonda. Tangu baba yake abebe begi lake akatuacha, anachezea chakula tu. Nesi wa kliniki ya watoto alimpima akatikisa kichwa. Na mimi muda wenyewe ndio huo unaoujua. Natoka karakana ya mapazia jua linazama, mabega yamekufa kwa cherehani, nampitia kwa jirani, nafika chumbani nabandika maharage. Mpaka yaive, mwenyewe keshalala na viatu.

Sasa sikiliza maajabu. Duka lililo karibu na karakana limeleta maboksi ya chakula cha watoto, juu yana picha ya twiga mwenye miwani. Nikageuza boksi, nikaona jina la kiwanda chenu! Nikamwambia muuzaji, "Hiki ameonja baba yangu." Akanijibu, "Na mimi babangu ndiye huyo twiga." Nikanunua hivyo hivyo. Bosi akala lote, akalamba na kifuniko.

Lakini maneno yameanza. Jirani ananiita Mama Maboksi. Anasema nitamlisha mtoto mpaka na karatasi lake. Mwenzangu wa cherehani ya pili anasema hapana, mna kuku, mna karoti, mna njegere, kwani mlo kamili una pembe? Mimi sijui nimsikilize nani. Wewe uko ndani, Baba, unaonja. Niambie ukweli: ni chakula cha afya hicho? Nikimpa kila siku nitakuwa namlisha, au nalidanganya tumbo lake?

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Nimekupata, na nimefurahi mpaka nikamkumbatia mlinzi wa getini. Mimi mzima, sina hata kikohozi.

Huyo jirani muulize ameingia viwanda vingapi. Asikusumbue. Karoti zetu zinaogeshwa kuliko mimi! Kila mtu humu amevaa kofia ya wavu, hata ndevu zina wavu wake. Zangu zimetulia humo kama samaki waliokata tamaa. Boksi lenyewe ni nyumba ya vyumba vitatu: viazi vya kuponda chumba chao, kuku chumba chake, njegere chumba chao, hakuna wa kumgusa mwenzake. Watoto hawapendi chakula kigusane, hilo hata meneja ameniuliza mimi kwanza.

Ni afya tupu. Mpe. Mpe asubuhi, mpe jioni, na akitaka mchana mpe. Kwa ulimi wangu huu huu unaolipwa mshahara. Juzi hapa mezani niliwasimulia wenzangu habari za Bosi, wakapiga makofi, mmoja akatoa machozi. Wote wanamsalimu.

Usijiue na masufuria, mama. Baba yako yupo.

Baba yako,
Ulimi wa Dhahabu


8 Juni

Baba, shikamoo.

Natumaini uko salama na wenzako. Huku nilifanya ulivyosema. Asubuhi twiga, jioni twiga. Wiki za kwanza nilijiona nimeshinda. Mtoto anakula, mimi napumzisha miguu, jirani amenyamaza.

Kisha likaanza jingine. Hataki chakula kingine chochote. Nikimwekea wali na kabichi, anaangalia kabichi ilivyougusa wali, anapiga ukelele kama ameona nyoka. Analala kila saa, macho yamepauka. Nikampeleka kwa nesi. Akampima: uso umejaa, lakini damu imepungua. Akaniuliza, "Mama, huyu anakula nini?" Nikajibu kwa maringo, Baba, naona aibu hata kuandika. Nikasema, "Boksi la twiga, asubuhi na jioni, na baba yangu ndiye mwonjaji mkuu."

Nesi hakucheka. Alilitoa boksi tupu kwenye mkoba wangu, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, akasema, "Mama, hili siyo adui yako. Siku umechelewa, umechoka, mpashie, muongezee yai na tunda, wala usione haya. Lakini ni chakula cha siku umeshindwa. Ukilifanya la kila siku, mboga za majani atazipata wapi? Maharage je? Na chumvi hii, akila moja ni sawa, kila siku mara mbili imeshakuwa nyingi kwa mwili mdogo." Akanipa dawa ya damu.

Sikulaumu. Ila nakuuliza kama mtoto anavyomuuliza baba yake: nesi kakosea, au ulimi wako? Maana nilimwona mwanangu anapauka kwa macho yangu mwenyewe, nikauamini ulimi wako. Mkikaa mezani muulize meneja waziwazi: mtoto anaweza kuishi kwa hiki? Nijibu haraka, Baba. Nitamlisha kwa neno lako.

Mwanao


20 Julai

Baba, shikamoo.

Hujanijibu. Nilihesabu labda posta, labda kazi, labda umenuna. Kama umenuna, nisamehe, sikukusudia kuupa ulimi wako jina baya.

Nimeona nisikungoje. Yale maboksi matupu nimeyaosha. Sasa naloweka maharage asubuhi kabla sijatoka, jirani anayabandika mchana kwenye jiko lake (ndiyo, huyo huyo Mama Maneno, kumbe moyo anao), na mimi jioni nayaweka chumba kimoja, viazi chumba kingine, mchicha kidogo chumba cha tatu, nafunika kifuniko cha twiga. Bosi akafungua. Akatazama. Akasema, "Twiga amebadilisha chakula." Maharage akala. Mchicha akamwachia twiga. Siku ya tatu akala na mchicha, lakini kwa sharti: na mimi niwe na boksi langu, tukae uso kwa uso, tufungue pamoja. Ndivyo tunavyokula sasa, kama abiria wawili. Siku nimechelewa sana nanunua la dukani, naongeza yai. Macho yake yameanza kurudi.

Jana katikati ya kula akaniuliza, "Babu anakula na nani?" Nikamwambia, na rafiki zake wa mezani. "Wanaitwaje?" Sikujua jina la hata mmoja. Nikatoa barua zako zote tukazisoma. Umesema wanacheka, wanapiga makofi, wanalia. Hujasema huyu mrefu, yule mchoyo, huyu ananuka miguu. Wewe, Baba, ambaye hujawahi kumpita hata mbwa bila kumbandika jina la utani.

Baba, unakula na nani?

Mwanao


2 Septemba

Mwanangu,

Sijanuna. Nilikuwa nimelazwa. Usishtuke, nimeshatoka, nakuandikia nimeketi kitandani na miguu yangu iko juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ilivimba mpaka viatu vikanikana. Daktari akasema ni presha, akauliza nakula nini. Nikamwambia samaki na mboga za majani. Naye hakucheka, kama nesi wako.

Nesi wako hajakosea. Ukitaka ushahidi, ni hii miguu. Kwenye kiwanda mimi nasimama mwisho wa mkanda. Kazi yangu ni vifuniko. Kifuniko kikikaa upande, nalitoa boksi lisiende dukani, na hayo ya vifuniko upande tunaruhusiwa kwenda nayo. Basi kila jioni naja nayo manne, maana moja ni la mtoto, kwa mtu mzima ni kama kupiga mswaki. Mwaka wote huu, mwanangu, manne kila jioni. Sufuria sikuwa nayo. Nitampikia nani? Navisimamisha vifuniko ukutani, wale twiga wanne wananitazama na miwani yao, nawasimulia habari za Bosi. Hao ndio mataifa yote. Mmoja wao nilimwambia alie, akakataa.

Ulipoandika kwamba mtoto amepauka, nilikaa na barua yako siku nyingi, peni mkononi. Ningekuandikia nini? Nilikuwa nimemlisha mjukuu wangu maneno.

Hiyo ya kuosha boksi na kuweka maharage umenipita akili, tena mbali. Mlinzi wa getini amenisindikiza kununua sufuria. Nimechemsha kabichi, imeungua chini, juu ni mbichi, sijui nimewezaje. Nimeila. Niandikie unavyopika yale maharage, toka kuloweka, uniandikie taratibu kama unamfundisha mtoto.

Na Bosi akiuliza tena, usimfiche. Mwambie Babu anakula peke yake. Kitambaa cheupe hakuna, meza yenyewe hakuna. Meneja namjua kwa kisogo tu. Mimi si mwonjaji, mwanangu, sijawahi kuwa mwonjaji hata siku moja. Nilidanganya.

Baba yako