Fungu la Kaka Juu ya Ukuta

La Rochelle, Johannesburg
8 Agosti 2025

Kwa dada yangu mpendwa Marthe,

Natanguliza salamu zenye heshima na kuuliza afya yako. Mimi, mke wangu Sagesse na mwanetu Glody tungali wazima, ijapokuwa baridi inatutafuna vidole kwenye cherehani. Barua hii inapita kwenye simu, lakini barua ni barua na ina taratibu zake.

Baada ya salamu, niingie katika kiini. Habari ya nyigu wa kisiwa hicho cha Ugiriki imeninyima utulivu. Hujasahau yaliyokupata kwetu Uvira, Kongo, utotoni: nyigu mmoja tu, koo likaziba, na muuguzi akatuonya kwamba mara nyingine huenda usipone. Kwa hiyo nakusihi, tena kwa msisitizo, umjulishe tajiri wako, Mama Kawira, pasipo kuchelewa.

Wako katika damu,
Kaka Pacifique


Paros, 10 Agosti

Kaka,

Jambo sana, na jambo kwa Sagesse. Mimi ni mzima, Mungu ashukuriwe.

Kumwambia Mama Kawira naogopa. Alinichagua kulea pacha wake kwa sababu nilisema sina ugonjwa wowote. Akisikia, nitapandishwa ndege na kazi itakuwa imekwisha.

Hapa tunakula nje, chini ya mizabibu. Nyama ikifika, nyigu nao wamefika. Mwenye nyumba huwachomea kahawa kwenye kisahani ili moshi uwafukuze. Wanakohoa kidogo, wanarudi. Bwana Owuor, mume wa Mama Kawira, huwapiga kwa kandambili, wanakasirika zaidi.

Lakini sikia ajabu. Mama alitufundisha kwamba aliye mbali ana fungu lake. Basi kila mlo nakutengea wewe samaki na tikiti, naweka juu ya ukuta mwisho wa ua. Nyigu wote wanahamia kwako! Mezani anabaki mmoja, wawili. Pacha wanauita ukuta ule "hoteli ya Mjomba Pacifique". Nimecheka mpaka machozi.

Mdogo wako,
Marthe


La Rochelle, 12 Agosti

Kwa dada yangu Marthe,

Salamu na heshima zitangulie. Sisi hatujambo.

Nimesoma barua yako kwa masikitiko. Fungu la aliye mbali ni heshima ya mtu, wala si lishe ya wadudu, na jina langu halistahili kuwa hoteli. Aidha, amlishaye adui humwongeza. Kwa mamlaka niliyoachiwa na marehemu baba, naagiza sahani hiyo iondolewe mara moja.

Kaka yako,
Pacifique


Paros, 13 Agosti

Kaka,

Jambo. Nimetii. Leo sikuweka sahani.

Wamerudi mezani kama wageni wa matanga. Nimejifunga kitenge shingoni, namkatia mtoto samaki. Mama Kawira ananiambia, "Marthe, acha uoga, ni wadudu tu."

Niombee.

Mdogo wako


La Rochelle, 15 Agosti

Kwa dada yangu Marthe,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Kwa unyenyekevu narejelea barua yako ya mwisho, ambayo niliijibu siku ileile kwa ujumbe mfupi, nami sijapata jibu. Iwapo agizo langu limekuletea taabu, naomba nijulishwe.

Kaka Pacifique


La Rochelle, 17 Agosti

Marthe,

Salamu zimenikauka mdomoni. Mama Kawira hapokei simu. Bwana Owuor hapokei.

Tangu uondoke, Sagesse hukuwekea sahani mezani. Jana walikuja watu wa kanisa kusali nasi. Mama mmoja aliona sombe yako, yale majani ya muhogo, imepoa, akanyoosha mkono kuipindua sahani kifudifudi, kama tulivyoipindua ya Mama siku tuliyomzika. Nilimfokea mbele ya mchungaji.

Rudisha fungu langu ukutani. Waache nyigu wale. Waite kwa jina langu, wawe na hoteli yao, wanimalize mimi. Nijibu hata neno moja.

Pacifique


Paros, 19 Agosti

Kaka,

Jambo. Ninaandika kwa sababu sauti sina.

Alikuwa ndani ya kikombe. Alinichoma ulimi. Nimeamkia hospitali, nina mpira puani. Mama Kawira ameambiwa yote na daktari. Hakunigombeza, alilia, halafu akasema nikipona narudi Johannesburg, na pacha watatafutiwa mwingine.

Bwana Owuor amekuja leo. Anasema pacha wenyewe wamekuwekea samaki ukutani, na nyigu wamehamia huko.

Sahani yangu msiipindue. Mwambie Sagesse sombe yangu asitie pilipili.

Mdogo wako,
Marthe