Miguu ya Nondo Uliyoigundisha

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini tangu nijue kusema sijawahi kuanza maongezi na wewe bila shikamoo, na leo sianzi. Nakuandikia nikiwa na hasira. Barua hii nimeiacha wazi makusudi, aisome anayetaka, na hasa aisome yule Dokta wa chuoni aliyenirudishia masanduku yetu ya nondo waliokaushwa na kusema kwamba ulichakachua. Neno hilo ni lake, si langu. Anataka jina lako lifutwe kwenye lebo zote libaki langu peke yangu, ndipo chuo kipokee yaliyo yangu. Nimemwambia sifuti. Sasa ngoja nianze mwanzo, maana watasoma na wasiokujua, na wewe mwenyewe lipo jambo nililokuficha.

Uliporudi Didia kutoka Geita, kifua chako kilikuwa kimekwisha. Miaka yote ile ya kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kuvuta vumbi la mawe, ukarudi na begi moja, redio, na kile kioo cha kukuzia ulichokuwa ukitazamia mawe kama yana dhahabu. Watu walitegemea urudi na gari. "Mwanaapolo gani huyu, mchimba dhahabu karudi na kikohozi?" Walisema hivyo dukani, Mama akiwa amesimama palepale na kibuyu chake cha mafuta. Ulipoambiwa ulicheka. Mama hakucheka. Ulikuwa huwezi kulima hata tuta moja la viazi bila kukaa chini, kwa hiyo ukawa unakaa pembeni ya shamba na kuangalia viwavi.

Mimi nilikuwa tayari fundi maabara kwenye shule ya sekondari huku Ibadakuli, nikija nyumbani kila Ijumaa. Mwaka ule viwavi wanene wenye pembe mkiani walikuwa wanamaliza majani ya viazi vya Mama. Nikakuambia, "Baba, hao wakikua wanakuwa nondo, wale wakubwa wanaosimama hewani mbele ya maua ya mpapai jua likizama." Ukaniambia nisikufanye mtoto. Ukamfuga mmoja kwenye kopo la rangi lenye udongo, ukamlinda utadhani kifaranga, na alipotoka ukaazima simu ya jirani ukanipigia: "Mayu, mnyama kapata mabawa!" Uliniita Mayu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. Hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Ndipo tukaanza kuwakusanya. Jioni wewe kwenye kigoda karibu na mipapai, mimi na wavu nilioushona kwa chandarua kilichotoboka. Lakini habari ya miguu ni yako, Baba, na nataka ieleweke. Sikukufundisha mimi. Mimi nilikuwa natazama mabawa, kama kila mtu. Wewe ukamgeuza mmoja chali chini ya kioo chako, ukamwinamia mpaka nikadhani umesinzia.

"Mayu, huyu goko lake la nyuma, huu muundi wa mguu, lina miiba minne. Wa jana alikuwa na miwili."

"Labda mingine imekatika, Baba."

"Bebe, wewe! Miaka ishirini natafuta punje kwenye jiwe, leo nishindwe kujua kilichokatika na kisichokuwepo?"

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Tukawatoa wote, tukawageuza mmoja mmoja. Wengine wana jozi mbili za miiba kwenye goko la nyuma, wengine jozi moja tu. Wengine mguu wa mbele unaishia na mwiba mnene uliopinda. Wengine mguu wa kati una vijiba vimepangana mstari kama meno ya kitana. Ukiwaona juu juu wote ni kijivu na kahawia, ndugu wa ukoo mmoja, kumbe miguuni kila aina na vifaa vyake. Ukawapa majina kutoka kazi yako. Wenye mwiba mbele ukawaita Sululu. Wenye kitana ukawaita Reki. Wenye miiba minne ukawaita Matimba, kwa yale magogo mliyokuwa mkisimamisha ndani ya duara lisiwaangukie. Mimi nikaandika kwenye daftari: Mkusanyaji, Mzee Luhende, Didia. Ulilisoma jina lako mara mbili ukaniuliza kama litakaa hivyo hivyo.

Nilikuwa na furaha, Baba, acha niseme tu. Utoto wangu wote wewe ulikuwa Geita, unakuja Krismasi, unaondoka kabla sijaacha kukuonea haya. Nimekujua nikiwa mtu mzima, kwenye kigoda kile, tunabishana juu ya goko la nondo.

Kiangazi cha pili ndipo mambo yalipoharibika. Mama alikuwa anaanika michembe kwenye lile jabali nyuma ya nyumba, viazi vimemenywa na kukatwa vipande vyembamba, kama nyumba zote za huku msimu ule. Nilikuwa nimekuachia masanduku na kukusisitiza yakae kivulini. Siku ya Jumatatu ukaona ukungu kwenye sanduku moja, ukafanya ambacho Msukuma yeyote angefanya: kitu kikipata ukungu, kinaanikwa. Ukawatandaza nondo kwenye ungo, pembeni ya michembe. Kufika adhuhuri wamekauka kau. Ulipouinua ungo, miguu ikadondoka, mingi ajabu, ikachanganyika kama makapi.

Haya alinisimulia Mama. Anasema ulikaa na ule ungo mapajani mpaka ugali ukapoa. Kisha ukaenda kwenye mgunga kukwangua gundi. Siku nne ulikaa na kioo, daftari, mwiba wa kupakia gundi na mikono yako inayotetemeka, ukirudisha mguu mmoja mmoja.

Najua ilitoka wapi nguvu hiyo. Uliwahi kunieleza habari za Shija, mwenzako wa Tinde, aliyeangukiwa na duara. Desturi yenu ilikuwa haondoki mtu mpaka mwenzenu atoke, awe hai au maiti. Mlimchimba siku tatu. Mlipompata, mwenye duara akataka mfukie, kwa kuwa mguu wake mmoja ulikuwa bado chini ya jiwe. Mkagoma. Mkachimba siku nyingine nzima. "Hatumrudishi mtu kwa mama yake akiwa pungufu," ndivyo ulivyoniambia, kisha ukaomba maji ya kunywa.

Ijumaa ile nilikukuta umevaa shati jeupe. Ukanifungulia masanduku mwenyewe.

"Hakuna aliyebaki kiwete," ukasema.

Nikainama na kioo juu ya sanduku la pili. Wa kwanza yuko sawa. Wa pili yuko sawa. Wa tatu alikuwa Reki, na kwenye goko lake la nyuma kulikuwa na miiba minne ya Matimba, si miwili yake. Mbele kidogo nikamwona mwingine. Nikainua uso nikakuta unanitazama, umeshika magoti yako kwa mikono miwili, unasubiri.

"Umefanya vizuri, Baba."

"Wabeja, Mayu. Asante."

Hilo ndilo nililokuficha. Niliona, nikanyamaza. Sikukuambia wala sikuandika popote. Nilijiambia nitayarekebisha makosa hayo kifua chako kikitulia. Hakikutulia, masanduku mawili ya mwisho nikayajaza mwenyewe, tukakuzika masika, na chuo kilipoomba makusanyo ya nondo wa kanda yetu, nikayabeba masanduku nikayakabidhi hivyohivyo, mdomo nimeufunga. Kama yupo aliyedanganya katika jambo hili, ni mimi.

Dokta akaniita ofisini kwake. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Alinikaribisha kiti na maji.

"Dada Minza, hawa aliwakusanya nani?"

"Baba yangu, na mimi."

"Huyu hapa ana miguu ya nondo wawili. Na huyu. Hii imechakachuliwa."

"Imegundishwa, Dokta. Ilivunjika, akairudisha."

"Kwangu ni kilekile. Sikia, nikusaidie. Masanduku yako mawili ya mwisho hayana tatizo. Toa ya mzee, futa jina lake, yako nitayapokea. Kwa nini uharibiwe kazi na mzee aliyekuwa hajui anachofanya?"

Hajui anachofanya! Haki ya Mungu, Baba! Mtu aliyenionyesha mimi, mwenye cheti cha maabara, kwamba miguu inatofautiana, leo hajui anachofanya! Nikasimama. "Dokta, kwa heshima zote, nipe masanduku yangu na unipe mwezi mmoja." Akayasukuma upande wangu. Karani wake akajifanya anatafuta faili. Nikayafunga masanduku kwa kamba ya katani, nikarudi nayo Shinyanga nimeyapakata. Kondakta alitaka yaende kwenye buti, nikamwambia thubutu.

Mwezi umekwisha. Kila siku baada ya kazi nilikaa na kioo chako na daftari lako pale maabara. Gundi ya mgunga inalegea kwa maji ya uvuguvugu tu. Ningeweza kuibandua miguu yote uliyoigundisha, nikalipeleka sanduku safi, ikawa kama hukuwahi kuwepo. Sikubandua hata mmoja. Nimekagua mguu kwa mguu, na hapa nawaomba wanaosoma wasikie vizuri. Miguu aliyorudisha baba yangu inapita mia moja. Aliyokosea ni kumi na mmoja. Ungo mzima wa makapi, kifua kinawasha, mikono inatetemeka, hana wa kumsaidia, na karibu kila mwiba ulirudi kwa mwenyewe. Jaribu wewe, Dokta. Nitakuletea ungo.

Nimeandika lebo mpya. Kwenye miguu uliyopatia nimeandika: Uliunganishwa kwa gundi na Mzee Luhende, ni wake. Kwenye uliyokosea nimeandika si wake, na nimetaja ni wa nani. Chini ya hizo kumi na moja nimeongeza mstari mmoja: Minza Luhende aliliona kosa hili na hakuliandika. Majina ya Sululu, Reki na Matimba nimeyaacha, yamekaa kando ya yale ya kitaalamu na hayamzuii mtu kupita.

Mama hapendi. Jana nilipokuwa nafunga masanduku alisema, "Minza, mume wangu nimeshamzika. Unagombana na wasomi kwa miguu ya wadudu, watakufukuzisha kazi bure."

"Sitafuti kumfufua, Mama. Nataka aandikwe."

Akasonya. Kisha akaja akaweka kidole juu ya kamba ili nipige fundo.

Alhamisi nayarudisha chuoni. Dokta, kama unasoma, msimamo wangu ni huu: yote au hakuna hata moja. Yale mawili yangu uliyoyapenda hayaji peke yake. Kama huyataki yakiwa na jina la mzee, sema hapana mbele yangu, nitayabeba niende chuo kingine, na kingine tena baada ya hapo. Mimi ni binti wa mtu aliyechimba siku nzima kwa ajili ya mguu wa mwenzake. Usinitegemee nichoke mapema.

Baba, sasa la kwako. Nilikusifu uongo kwa sababu nilikuonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa dharau, ila tu niliisema kwa sauti ya upole. Ulikuwa fundi. Ulinipa kazi yako niikague, mimi nikakufanya mgonjwa wa kubembelezwa. Ningekuambia ukweli ungenifokea, ungekohoa, ungetoka nje ukazunguka banda la ng'ombe. Halafu ungerudi kuomba kioo. Nina hakika ungeomba kioo, na Jumapili hiyohiyo kosa lingekuwa limekwisha.

Kwa hiyo nakuambia leo, mbele ya watu wote. Ulikosea, Baba. Sanduku la pili, safu ya kwanza, wa tatu: mguu wa nyuma kushoto si wake. Safu hiyohiyo, wa saba: mguu wa kati kulia, umempa Sululu kitana cha Reki. Miguu tisa iliyobaki nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, mmoja mmoja, bila kukuhurumia.

Mingine yote uliipatia. Nimeirudia mara tatu.

Pumzika, Baba. Hasira niachie mimi.

Bintiyo na mkaguzi wako,
Minza