Hawakutuonyesha Ngozi

Mdogo wangu Wambura,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu msimu wa kupanda pamba. Sikuwa mgonjwa. Nilisubiri niwe na habari njema ya kukuandikia, nayo haikuja. Je, wewe na nyumba yako hamjambo? Goti lako limepata nafuu? Mwili wangu ni mzima.

Uliniuliza kwenye simu, "Kaka, kampuni kubwa hivyo inakufaga kweli?" Inakufa, na huanza kufa kwa uchaguzi mbaya. Uchumi wa huku Afrika Kusini ulipodorora, watu waliacha kununua magari. Uani mwa kiwanda chetu cha magari, magari mapya yamesimama mpaka nyasi zimeota chini ya magurudumu. Wakubwa wakataka kubaki na magari ya kifahari, kwa kuwa kila moja lina faida nono, na kuacha pikapu ndogo wanayonunua wakulima. Nilimwambia Mkurugenzi kwamba tajiri anaweza kuahirisha gari jipya, lakini mwenye mzigo hawezi kuahirisha mzigo. Kwetu ukame ukija, mtu hauzi mtamba akabaki na dume la kupendeza macho.

Alisema pikapu itabaki iwapo wafanyakazi watakubali kupunguziwa siku za kazi na mshahara. Akaniomba niwashawishi, kwa kuwa ndimi mkubwa wao kwa umri. Nilisimama kantini nikasema. Walikubali kwa sababu nilisema mimi.

Tuliporudi kutoka mapumziko hayo ya kwanza, sehemu ya pikapu ilikuwa sakafu tupu. Mitambo ilikuwa imekwisha kupelekwa kwenye kiwanda chao cha nchi nyingine. Siku zile tulizokubali kukaa nyumbani ndizo walizozitumia kuifungua na kuipakia.

Nilimfuata Mkurugenzi ofisini.

"Mzee, hatukuahidi," alisema. "Tulitumaini."

Wewe hapo Butiama unatunza ng'ombe wa watu. Aliyekabidhiwa kwako akifa, unampelekea mwenye ng'ombe ngozi, hata kama anakaa mbali kule Kibara, ili ajue kwamba amekufa, hakuuzwa. Mtu huyu alimuuza mnyama wetu, akaniacha nisimame mbele ya watu nikiwaambia kwamba bado anakula majani.

Sasa ananitaka nisimame tena. Niwaambie wenzangu waondoke bila kelele, nami nitabakizwa kuwafundisha vijana wa magari ya kifahari. Nikikataa, nitaondoka pamoja nao. Banda, Mmalawi ninayeunga naye milango kwenye magari kiwandani, amekwisha kusikia habari hiyo.

"Ukihutubia tena, Mzee," aliniambia, "simama karibu na mlango."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Najua nyumba yangu ya Nyasho inategemea kazi hii, na kwa umri wangu hakuna kiwanda kingine kitakachonipokea. Najua pia kwamba wenzangu hawa wakinipita barabarani hawanisalimii tena kama zamani. Mkutano umeitishwa Jumatatu ijayo.

Nisalimie mke wangu, umweleze haya kwa upole. Msalimie pia shangazi yetu wa Mugango, na baba mkwe wako. Usimwambie mtu kwamba ninarudi, wala kwamba ninabaki. Nikishaamua nitakuandikia wewe kwanza, kabla hujalisikia jambo langu kinywani mwa mtu mwingine. Sisi kiwandani tulisikia mwisho, nami sitakutendea hivyo.

Ni mimi kaka yako,
Magesa