Majini Wananiita

Alhamisi, Mvumi. Jua limewaka tangu saa tatu kama lina ugomvi na mtu. Nilitoka Mikumi jana kuja kumsaidia mama mkwe kupukuchua mahindi. Vidole vinauma ila moyo ni mweupe, ingawa kwa hesabu za leo haukustahili.

Ngoja niungame.

Wiki mbili hizi nimekuwa nanunua dhahabu kwenye simu. Siyo ya kuvaa. Nabashiri bei: ikipanda napata hela, ikishuka napata adabu. Nimejifunza mwenyewe, video baada ya video, huku nashona sare za shule. Laki mbili nilizoingiza zilikuwa za kununulia cherehani ya ovaloki.

Broka, yaani dalali wa mtandaoni, anakuazima nguvu. Kwa kila shilingi yangu, naruhusiwa kushika dhahabu ya shilingi mia. Hiyo ndiyo levareji. Ile shilingi yangu anayoizuia kama dhamana huitwa margin kwa Kiingereza; midomoni mwetu inatoka majini.

Jumanne nilinunua, ikazuiwa laki moja. Pembeni pakaandikwa fri majini: laki moja. Mimi mtu wa bando za ofa, nikajua nimepewa ya bure. Nikaitumia yote kununua dhahabu zaidi.

Haikuwa ofa. Ilikuwa laki yangu ya pili.

Leo mchana ukaingia ujumbe: dhamana haitoshi, ongeza hela, la sivyo tunakufungia biashara. Nikampigia Zuhura, shoga yangu aliyeniingiza kwenye mambo haya. Mtandao wa huku unataka koo, basi nikapaza sauti: "Shoga, majini yote yamekwisha! Wananiita, wanataka niongeze!"

Mama mkwe akadondosha gunzi.

"Mama Nasra, wanataka uongeze nini? Maana ng'ombe sina, na wajukuu zangu siwatoi."

"Siyo majini hayo, mama. Haya ni ya biashara."

"Wote huanza na biashara."

Nikaona hapa nisipoeleza vizuri, kufikia alasiri nitakuwa nimekaa chini ya shuka nafukizwa ubani. Nikamweleza kwa ng'ombe, maana mnadani anakwenda. Tajiri ananipa ng'ombe wake mia nikawauze, mimi namwachia mmoja wangu kama dhamana. Faida ya wote mia ni yangu. Lakini hasara ikifika bei ya ng'ombe mmoja, anabaki na wangu na biashara imeishia hapo.

Akafikiri kidogo, mkono ndani ya mahindi.

"Katika mia, mmoja si anavunjika mguu hata mnadani hamjafika?"

Video zote zile, hakuna aliyenieleza hivyo.

Nikafungua simu. Nilidhani bei imeporomoka. Wapi! Ilikuwa imeshuka senti thelathini katika kila shilingi mia. Kwa ng'ombe wangu mwenyewe, mkwaruzo. Kwa dhahabu ya milioni ishirini niliyokuwa nimeshikilia kwa laki mbili, elfu sitini zimekwenda. Ikishuka shilingi nzima katika mia, sina kitu.

Nikafunga biashara zote mbili. Imebaki laki na arobaini.

"Wameondoka?" akauliza.

"Wameondoka, mama."

"Wamechukua ngapi?"

"Elfu sitini."

"Basi shukuru. Mganga angekutoza zaidi."

Tulicheka mpaka kuku wakatukimbia.

Saa kumi Zuhura akatuma ujumbe: dhahabu imepanda, ungengoja tu. Nisidanganye, nilipiga hesabu ya ningepata ngapi. Nikaipiga mara mbili. Halafu nikajiuliza ningeongeza hela gani ili ningoje, na jibu likawa ile waliyonipa wateja ninunulie vitambaa vyao.

Elfu sitini ni sare kumi na mbili za kushona. Kesho narudi Mikumi, na kabla sijapiga deki nitakuwa nimekata ya kwanza.