Ufa wa Ngoma ya Lubwindi

Lubwindi, 4 Februari 2018

Mwanangu Damien,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, ila magoti yananisumbua na macho ndiyo yamekwisha kabisa. Mwalimu Gaston ananiandikia. Mkeo hajambo? Mtoto Shekinah je, anakula vizuri?

Mwami wetu amefariki, na mwanawe atatawazwa mwezi wa nane. Kazi ya nyumba yetu unaijua: kila Mwami mpya tunamshonea nguo mpya ya nembo, na ile ya zamani inachomwa asubuhi ya sherehe. Hapo kale nembo ilikuwa ngoma na kakakuona. Wabelgiji wakaja, mkubwa wao akamcheka kakakuona, akaamuru awekwe simba wao. Siku za Zaïre simba akafukuzwa, akaingia chui. Sasa kijana huyu amesema chui aende zake, kakakuona arudi. Wanyama wamekuja na kuondoka kama wapangaji. Ngoma peke yake haijaguswa na mtu.

Mkono uliobaki ni wako, maana wewe ndiye niliyekufundisha sindano. Mama Clémentine, anayefanya biashara huko, anakuletea nguo ya zamani. Kakakuona mchore unavyoona vema. Ngoma ifuate uzi kwa uzi, kama ilivyo. Ukimaliza funga, na isifunguliwe tena hadi siku yenyewe, kama mila inavyotaka.

Shangazi yako,
Agnès

*

Rosettenville, 20 Mei 2018

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Huku kusini baridi imeanza, lakini sote wazima, na Shekinah anakula mpaka tunaogopa.

Nguo zote mbili nimempa Mama Clémentine. Unajua kazi yangu hapa ni kudarizi beji za mashati ya shule, na mashine inafanya karibu yote. Hii nimeishona kwa mkono, kila jioni baada ya kazi, wiki tisa. Hata bosi wangu, Mreno asiyesifu mtu, alisimama akatazama. Ngoma imekaa vizuri sana, Shangazi. Mtajivuna.

Mwanao,
Damien

*

Lubwindi, 2 Septemba 2018

Damien,

Salamu. Mimi mzima wa mwili tu.

Nguo ya zamani ilichomwa alfajiri. Ilipokwisha kuwa majivu, yako ikatundikwa mbele ya watu. Walishangilia kakakuona. Kisha mzee Tumu akainuka na watu wa Nyumba ya Mto, watu arobaini na zaidi, waje kuweka kidole.

Nilikusimulia hadithi hii ukiwa mdogo, ukilia na sindano iliyokuchoma. Mwami wa tano alimfukuza ndugu yake wa tumbo moja, akamvusha mto wakati wa mafuriko, na watoto wawili wakachukuliwa na maji. Alipozeeka alijuta, akaamuru ngoma ishonwe na ufa ubavuni. Tangu hapo, kila akitawazwa Mwami, wajukuu wa yule ndugu, ndio hao wa Nyumba ya Mto, wanaweka kidole penye ufa. Maana yake: sisi hatujasahau, na ninyi hamjakana. Ndipo wanapokula nasi.

Tumu alipapasa nguo juu hadi chini. Akasema, "Ufa uko wapi? Kumbe hatukufukuzwaka. Kumbe bale batoto balijizamisha benyewe." Wakaondoka wote bila kuonja hata maji. Mwami kijana alibaki amesimama.

Waliuliza ni mkono wa nani. Nikasema ni wangu, kwamba macho yalinidanganya. Sasa niambie, ni uzi ulikwisha? Ni panya walikula ile sehemu? Niambie tu.

Shangazi yako,
Agnès

*

Lubwindi, 13 Januari 2019

Damien,

Mama Clémentine anasema alikuona huko mtaa wa Turffontein, umenenepa. Basi hujafa. Miezi minne nangoja. Watu wa Mto hawaji tena sokoni kwetu, na mazishi yetu hawayahudhurii. Juzi vijana wamerushiana mawe kisimani. Kimya chako nacho ni jibu, lakini nataka kulisikia kwa mdomo wako.

Agnès

*

Rosettenville, 9 Machi 2019

Shangazi,

Nakusalimu, ingawa naona aibu hata kukuuliza hali.

Uzi haukwisha. Panya hawakuwepo. Jumapili moja niliibeba nguo ya zamani kanisani kwetu Berea, nijisifu kidogo kwamba natoka nyumba ya Mwami. Huku mtu hana cha kujisifia, Shangazi. Mlinzi wa spaza, kiduka cha mtaani, anakuita kwa jina la kukutukana, nawe unasema sharp, yaani sawa, na kupita. Wakaitandaza kwenye kiti. Mmoja akasema, "Eish, Damien, ata ngoma yenu iko na ufa? Kule kwenu yote ilipasukaka!" Wakacheka wote, na mke wangu akacheka nao.

Nilipofika ubavuni mwa ngoma, hadithi yako niliikumbuka. Naapa niliikumbuka, watoto, mto na yote. Sindano ilikuwa mkononi. Nikasema moyoni, nani atatazama kitu kidogo hivi? Nikaufunga ufa kwa uzi mwekundu, nikaupendezesha. Barua yako ilipofika niliisoma chooni kazini, nikaichana. Kila mwezi nilianza kukujibu, nikashindwa. Na wewe umebeba kosa langu na macho yako hayo.

Ningekuja. Lakini karatasi yangu hapa ni ya mkimbizi. Nikikanyaga kwetu wanaifuta, na Shekinah atabaki bila baba. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Gaston aisome barua hii mbele ya Mwami na mbele ya Tumu, asiruke neno, hata la chooni. Ni mimi niliyefunga ufa. Nilijua.

Mwanao, kama bado unanikubali,
Damien

*

Lubwindi, 30 Juni 2019

Mwanangu Damien,

Salamu kwako, mkeo na mtoto. Mimi sijambo.

Gaston aliisoma yote. Pale pa chooni watu walicheka kidogo. Mwami ameninyang'anya ufunguo wa sanduku la nguo ya nembo, maana nilisema uongo mbele yake. Ana haki, nami nimempa mwenyewe mkononi.

Tumu aliomba wembe. Akafumua uzi wako polepole, ufa ukafunguka. Alipofika nusu akaacha. Akasema, "Uyu uzi ubakie. Balitukosea kwa kutufukuza, na balitukosea kwa kuficha. Yote mbili ionekane." Mwami akakubali. Kwa hiyo nembo imebadilika tena, na safari hii hata ngoma imeguswa. Kila akitawazwa Mwami, wao wataweka kidole penye ufa, kisha mtu wa nyumba yetu ataweka chake penye uzi mwekundu na kutaja jina lako. Atakayeshona nguo mpya ataufuata uzi huo kama ulivyo.

Siku hiyo walikula kwetu. Mbuzi wawili hawakutosha.

Mtu wa kwanza kuweka kidole nimekuwa mimi. Gaston aliniongoza mkono hadi nikaugusa uzi wako. Umeshona vizuri, mpumbavu wee. Nikataja jina lako kwa sauti, watu wote wasikie, kama nilivyolitaja siku padri aliponiuliza mtoto huyu aitwe nani.

Shangazi yako,
Agnès