Mawe ya Njia ya Kushoto

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeyabomoa tena. Jumamosi ya tatu mfululizo. Kuna mtu anapanga mawe pale njia panda, chini ya msonobari uliopigwa radi, kuelekea kushoto, na mimi nayapiga teke. Yeye anapanga, mimi nabomoa. Tumekuwa kama mume na mke.

Sheria ya chama chetu cha watunza njia za mlimani ni nyepesi hata kwangu mimi niliyeacha shule kabla ndevu hazijaota. Rundo la mawe ni alama ya njia, na alama tunaweka sisi. Basi. Mwaka jana, mlima wa jirani, wapenzi wawili kutoka Teksasi walifuata mawe ya mtu aliyekuwa anapiga picha tu. Walilala porini wamekumbatiana — si kwa mapenzi, kwa baridi. Ndiyo maana napiga teke. Na napiga vizuri. Miaka sitini na sita, magoti ya chuma, hakuna kijana wa mji huu anayenipita kwenye mwinuko ule. Waulize.

Kazi nyingine za leo: kukata mti ulioangukia njia, kuokota maganda ya ndizi, kuwapa moyo wageni. Mama mmoja, mwekundu kama nyanya, kaniuliza maporomoko bado yako mbali? Nikamwambia dakika kumi tu. Ilikuwa bado saa nzima. Huo si uongo, ni desturi ya mlimani. Anayeshuka humwambia anayepanda dakika kumi. Ningemwambia ukweli angegeuza, akafa bila kuyaona maji yale.

Lakini huyu mpanga mawe ni nani? Kushoto hakuna kitu. Kijia cha kulungu, na poromoko dogo ambalo hakuna anayelipiga picha. Kwa nini huko?

Celestina, mke wangu, alikuwa anakoroga mchuzi wa pilipili mbichi. Kasema bila kugeuka: "Wewe mzee unafikiri kila anayepanga mawe anataka afuatwe. Labda huyo anataka kurudi tu."

Nimecheka. Sasa niko kitandani na sicheki sana.

Jumapili, 24 Agosti

Nimemjua.

Baada ya misa nilipanda hata nguo sijabadili. Mawe yamesimama tena. Safari hii nikainama nikayatazama. Bapa juu ya bapa, na kila penye upenyo kajaza kokoto, kaishindilia, kaisawazisha. Nikasema huyu mtu anaziba meno.

Na kweli. Nikafuata rundo hadi rundo, katikati ya miti ile ya magome meupe, mpaka nikasikia maji. Pale mbele ya poromoko dogo, juu ya kiti cha kukunja, darubini shingoni — daktari wa meno, Harlan Voss. Mtu aliyening'oa gego mwaka ule nilioendesha lori kutoka Montana na shavu kubwa kama boga.

Nikamwambia, daktari, unanikumbuka? Akaniangalia. "Fungua kinywa," akasema. Nikafungua. Akachungulia. "Lalo Archuleta. Ulilia kama mtoto."

Sikulia. Naandika hapa ijulikane.

Baadaye kidogo akaniuliza jina langu tena. Na baadaye tena. Akaona ninavyomwangalia, akagonga kichwa chake kwa kidole, akasema paa linavuja. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayesoma picha ya jino la mtu mwingine. Mwezi wa sita alipotea huku, askari wa sherifu wakamtafuta hadi asubuhi. Binti yake, Marjean, akatoa neno kutoka Denver: ukipotea mara moja tena, baba, mlima umekwisha. Kuna nyumba ya wazee kule, nzuri, ina bustani, na mlango wake unafunguka kwa namba ambazo yeye hapewi.

Ndiyo maana ya mawe. Kuja anaweza, maana anafuata sauti ya maji. Kurudi ndiko kunakomshinda.

Nikauliza sasa kwa nini uje? Si ukae nyumbani ule supu? Akanipa darubini. Tazama nyuma ya maji, kulia, chini ya ule ukingo mweusi.

Sikuona kitu. Kisha kitu kikapepesa jicho.

Ndege. Kinda mmoja, mweusi, ameketi kwenye kiota cha majani mabichi cha ukubwa wa kisahani, nyuma ya maji yanayoanguka. Mbayuwayu mweusi, daktari anasema. Wazazi hutaga yai moja tu, mahali penye giza na rasharasha ambapo hakuna mnyama mwenye akili atakwenda. Kinda hajawahi kuguswa na jua. Hafanyi mazoezi ya kuruka. Anakaa tu. Halafu asubuhi moja, mwanzoni mwa Septemba, anajiachia, anatoka kupitia pazia la maji, na kiota hakioni tena. Daktari amefuatilia ndege wa aina hii miaka na miaka. Kila mwaka anakuja anakuta kiota kitupu. Ile dakika yenyewe hajawahi kuiona.

"Mwaka huu nataka niione," akasema. "Mwakani nitakuwa simjui ndege wala kiti."

Kisha nikaona suruali yake. Imechanika gotini, damu imekauka. Jana, akasema, alichukua muda mrefu kufika nyumbani. Kuna mtu anabomoa.

Nilisema hata neno? Sikusema. Nilimpa mbegu zangu za alizeti. Mimi, niliyewahi kumjibu askari wa barabarani mpaka akaniomba msamaha.

Jumatano, 27 Agosti

Leo nimekwenda na vifurushi vya chakula cha Celestina. Daktari kala viwili, kasahau, kala cha tatu. Na mimi nimekwenda na maswali. Kinda anajuaje kwamba nje kuna nje? Maji yale hayamwangushi? Mabawa yatalowa? Na anakwenda wapi?

Brazili. Nikasema usinidanganye. Akasema watu wanaochunguza ndege walimfunga mmoja kimashine mgongoni wakajua. Mimi nimeendesha lori mpaka kila jimbo ambalo barabara inafika, na nilikuwa nasimama kwa kahawa, kwa dizeli, kwa haja. Huyu anatoka gizani, hajawahi kupiga bawa hata mara moja, na safari yake ya kwanza inaishia Brazili. Sijawahi kumwonea wivu dereva yeyote. Leo nimemwonea.

Nikajikaza nikasema: Daktari, mawe nilibomoa mimi.

"Najua," akasema. "Kila rundo lililobomolewa lina maganda ya alizeti pembeni. Unaokota maganda ya ndizi ya watu, kumbe wewe ndiye takataka ya mlima."

Tumecheka mpaka kinda akageuza kichwa. Kisha akaniomba kitu. Nisimfuate. Nikikutana naye, sawa. Lakini nisimchukue nyumbani kwa mkono. Akasema siku atakayoshushwa kwa mkono ndiyo siku Marjean atakuwa ameshinda, hata kama hajui.

Nikakubali. Mwenyekiti wa chama nitamwambia nini? Nitamwambia kule kushoto kuna nyuki.

Jumatatu, 1 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi, na hakuna aliyefanya kazi, wote wamekuja mlimani. Denver yote, Teksasi nusu. Magari mpaka barabara kuu.

Balaa limetoka nisikotarajia. Watu waliona mawe ya daktari wakayapenda. Wakafikiri ni desturi. Kila mmoja akapanga lake! Kushoto, kulia, kwenye magogo, katikati ya kijito. Marefu, mafupi, moja lina ua juu, moja wamelivika miwani. Nilimkuta dada mmoja na mumewe wamepiga magoti wanapanga kwa heshima kama wako kanisani. Nikawauliza mnafanya nini? Wakasema wanaacha baraka. Ningegomba vipi na watu wanaoacha baraka?

Daktari alikuwa pale njia panda, ametoka kwa kinda anataka kurudi nyumbani, anazunguka polepole, kiti kwapani. Anatazama rundo hili, anatazama lile. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, hata siku ya gego ambapo aliyetakiwa kuogopa ni mimi.

"Yote mazuri, Lalo," akasema. "Ya kwangu ni yapi?"

Jina langu alilikumbuka. Mawe hapana.

Sikumshika mkono. Niliahidi. Nilitangulia mbele yake nikipiga porojo kubwa kuhusu lori lililowaka moto Nevada, na yeye akafuata porojo. Alifika nyumbani. Hiyo inahesabiwa kufika mwenyewe? Nasema inahesabiwa.

Jumanne, 2 Septemba

Mgongo umekufa. Nimebomoa kutwa. Naangalia kwanza: yaliyozibwa kokoto ni ya daktari, yanabaki. Yasiyozibwa, teke. La miwani limeniuma kidogo. Miwani nimeichukua, inanifaa.

Kinda yuko. Kasimama ukingoni mwa kiota, anatazama maji. Anaona nini?

Alhamisi, 4 Septemba

Marjean amekuja. Jumatatu kuna mtu alimpiga picha baba yake akizunguka pale njia panda, akaiweka kwenye simu, mji mzima umeiona. "Mzee mrembo mlimani," kaandika. Marjean hakuona urembo wowote.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimeshindwa. Ana mikono ya baba yake, na alikunywa mchuzi wa Celestina bila kutoa chozi, kitu ambacho Wamarekani wa Denver hawawezi. Tulikaa mezani kwangu wanne, na baba yake akila, macho kwenye sahani, kama mshitakiwa.

"Mzee Lalo," akaniambia, "siku akianguka kule, nani atanipigia simu? Wewe?"

Nikasema mimi.

"Utaniambia nini?"

Nikafungua kinywa nijibu. Celestina akanisongezea chumvi, ndiyo njia yake ya kuniambia ninyamaze.

Daktari ndiye aliyeongea. "Marjean, nilikufundisha kuendesha baiskeli. Niliachia wakati gani?"

"Hukuniambia," akasema. "Niligeuka nikakuona uko mbali."

"Basi."

Marjean alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha meza. Wamepatana hivi: Jumamosi baba anapanda peke yake, mapema. Akirudi mwenyewe njia panda kabla ya saa sita mchana, anabaki nyumbani kwake mpaka theluji. Asiporudi, mimi na Marjean tunakwenda kumtafuta, na Jumapili ni Denver.

Akiwa anatoka, Marjean akaninong'oneza mlangoni: huyo ndege yupo kweli, au ni baba tu?

Nimemwapia kwa magoti yangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika hapa hapa njia panda, chini ya msonobari wa radi. Nimebeba daftari kwa sababu mikono inataka kazi na mbegu za alizeti nimejikataza. Marjean yuko kwenye gogo. Kavaa koti la baba yake.

Daktari alipita alfajiri. Kasimama, kaligusa rundo la kwanza kwa kidole kama anayepima jino. "Usinifuate," akasema. Kisha akaenda kushoto na kiti chake. Wingu lilikuwa bado juu. Sasa limeshuka. Naona mpaka rundo la pili, la tatu silioni.

Jana nilipita yote. Yako imara. Hakuna la mgeni hata moja. Hilo nalijua.

Saa tano imepita. Marjean kauliza kinda akiruka hugeuka nyuma? Nimesema sijui. Kauliza wazazi wake wanajuaje kama amefika? Nimesema hawajui, dada. Yeye akajibu kwamba hilo lingemshinda.

Wameshuka vijana watatu kutoka kushoto. Walipotea, walikuwa wanatafuta maporomoko makubwa. Mmoja kabeba kiti cha kukunja.

Marjean alisimama haraka. Nikawauliza kiti mmekitoa wapi? Wakasema kilikuwa peke yake mbele ya maji, hakuna mtu, wakafikiri kuna aliyekisahau, wakakibeba wasiuache mlima mchafu. Watoto wazuri. Ningewatwanga. Nikauliza hamkuona mzee? Hawakuona. Ndege je, nyuma ya maji? Wakatazamana. Hawakujua kama kuna wa kumtazama.

Kisha yule mdogo akasema kabla hawajafika kule walisikia mtu anapiga makofi. Kwa muda mrefu. Walidhani ni mtu anafukuza dubu.

Hapa hakuna anayefukuza dubu kwa makofi marefu. Dubu unampigia mawili matatu, unaendelea na njia. Nimemtazama Marjean, naye kanitazama. Ngoja kidogo, kaka, nikamwambia yule kijana, makofi ya namna gani? Akapiga kutuonyesha. Yalikuwa ya mtu aliyeketi ukumbini na sasa amesimama.

Ameiona. Mungu wangu, ameiona.

Lakini kwa nini aache kiti?

Vijana wameondoka. Yule mdogo aligeuka, akaona sura ya Marjean, akasema asiwe na wasiwasi, bila shaka yuko karibu. Dakika kumi tu.

Naijua hiyo. Hiyo ni yangu.

Saa sita kasoro kidogo. Marjean kafungua kiti cha baba yake, kakiweka katikati ya njia, hakukikalia. Ananiuliza twende? Nimeomba tungoje. Ameuliza mara ya pili. Nimesimama, na nimeshika penseli bado, kwa sababu kuna kitu.

Marjean amenishika mkono. Naye amesikia.

Ndani ya wingu, upande wa kushoto, si mbali — au mbali, wingu hudanganya — jiwe dogo linagongwa juu ya jiwe. Tik. Kimya. Tik. Kama mtu anayeziba upenyo, anashindilia, anasawazisha, anatazama kama limekaa vizuri, kabla ya kwenda kwenye rundo linalofuata.